Wiki ya bahari kwa nauli ya matatu: Nyali, Tiwi, Diani, Mtwapa, Kuruwitu na Pirates

Mimi ni mtu wa Kisauni, na kuna pwani nyingi za hapa hapa kwetu ambazo watu wa mitaani hawaendi manake mtu akikua huambiwa kule ni kwa wenye magari ama kule ni kwa wageni wa hoteli. Likizo hii binamu yangu amekuja kutoka Voi, hajawahi kutia mguu baharini tangu azaliwe, tukapanga tuzunguke kwa matatu, feri, tuktuk na miguu, na kila tunapofika niandike mtu anaingilia wapi. Bahari Mombasa tunayo tele, kazi ni kuipata njia ya kuifikia.

Kabla sijaanza, angalieni mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu Jumapili kwa hivyo wiki yetu imeanza na bamvua, yaani zile siku maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na huku kwetu siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi yakajaa mnamo saa kumi jioni, halafu kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini hivi. Usipolijua hilo utalipa nauli ya gari mbili uende ukaangalie miamba, na wengi wanaosema bichi fulani ni mbaya ni kwamba walifika saa mbaya.

Jumatatu: Nyali, jioni Mama Ngina

Sisi kutoka Kisauni tulishuka Kongowea tukachukua tuktuk, lakini mtu wa mjini anapanda gari za Nyali pale Posta zinavuka daraja zinaingia Links Road, nauli haina shida asubuhi, jioni ndio hupanda. Sasa ukifika barabara ya upande wa bahari ni ukuta, geti, ukuta, geti, hoteli, nyumba ya mtu, ukuta tena, waisikia bahari ikivuma na huioni. Tulitembea jua linachoma tukafika kwa askari wa hoteli moja akatuuliza tunaenda wapi, nikamwambia baharini, akasema hapa ni wageni tu, basi hata kutuonyesha njia iko wapi hakutaka.

Aliyetusaidia ni mzee wa madafu. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza, akaniambia, "Mwanangu, wewe ukiona mikokoteni ya madafu imepangwa pamoja mahali, ujue pana njia." Na kweli, mbele kidogo kulikuwa na kichochoro katikati ya kuta mbili, mchanga mtupu, hakina kibao wala jina, ukipita na gari huwezi kukiona. Hapo ndipo kila mtu anapitia, wavuvi, watoto wa madrasa, kina mama wa mapambo, sote.

Nataka watu walijue hili vizuri. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ule mchanga ambao maji hufika si wa hoteli, si wa bwanyenye, ni wetu. Ukishafika pale chini ukatembea kando ya maji kutoka Nyali mpaka Bamburi hakuna mwenye haki ya kukufukuza. Tatizo ni ile njia ya kukufikisha pale chini, kwa sababu kichochoro kikizibwa kimoja hakuna anayelia, kikizibwa cha pili hivyo hivyo, mwisho wake mtoto wa Kisauni anaishi karibu na bahari na kuogelea hajui.

Maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule mbali kwenye mwamba. Binamu alisimama tu. Alidhani bahari ni ukuta wa maji, akakuta ni uwanja wenye vidimbwi, viti vya pweza vyekundu, kaa wadogo wanakimbilia mashimo. Tulikuwa tumevaa viatu vya raba, na wewe vaa, manake ile miiba myeusi ya kwenye mawe ukiikanyaga wiki yako imeishia hapo.

Jioni tukaenda Mama Ngina. Gari za feri zinakushusha, halafu unatembea kidogo kwa miguu unaibuka kwenye mibuyu. Pale pamekarabatiwa 2019, mwaka ule ule sherehe za Mashujaa zilifanyiwa hapo hapo, na viti na njia za kutembelea viko vizuri. Huogelei, chini ni majabali na mkondo, lakini saa kumi jioni maji yakiwa yamejaa pomoni meli za kwenda Kilindini zinapita karibu mpaka unasoma jina. Mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, krips za viazi, dafu la mwisho, bas. Familia nzima inakaa pale mpaka magharibi na hakuna anayekudai kitu. Kila mtaa wa Mombasa ungekuwa na mahali kama pale tungekuwa mbali sana.

Jumanne: Likoni na Tiwi

Siku hii tuliandamana na ami yangu anayekaa Likoni, mvuvi wa zamani, sasa hivi magoti hayamruhusu kwenda nje ya mwamba lakini bahari anaisoma kama kawaida. Alivuka kuja kutuchukua mjini, nilimwambia asijisumbue akakataa kabisa.

Feri kwa mtu wa miguu ni bure, lipo hilo la kushukuru. Mnasubiri kwenye banda, geti likifunguliwa ni mteremko wote pamoja, wanafunzi, kuku, baiskeli za mikate, mgonjwa anasukumwa kwa kiti. Ami huwa hasimami mbele karibu na ile ramp, husimama katikati, na hawezi kuvuka bila kuomba dua, kwa sababu ya feri ya MV Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa asubuhi moja pale Mtongwe, na yeye anawajua wengi. Hata sisi tuliozaliwa baadaye tunakua na ile habari. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu wenye magari wanazunguka huko, ila mtu wa miguu wa Likoni bado maisha yake ni feri.

Juu ya mteremko magari yamejaa, Ukunda Ukunda Ukunda. Mwambie makanga mapema unashuka Tiwi, usingoje mpaka muone kibao. Kutoka stegi ya Tiwi mpaka baharini ni mbali kiasi na njia ina vichaka, chukueni boda, msitembee mkiwa wachache, wenyeji wenyewe ndio walivyotushauri.

Na Tiwi ndio pwani niliyoipenda kuliko zote. Tulifika kabla ya saa tano maji yakiwa ndio yanamalizia kukupwa, bamvua yenyewe, miamba yote nje, na katikati ya ile miamba kuna mabwawa ya maji safi ya kijani unaingia unajiogesha bila wimbi. Kuna moja maarufu lina umbo la bara la Afrika, kweli kabisa, ukisimama juu yake unaiona pembe ya Somalia pale. Binamu hapo ndipo alipoingia maji kwa mara ya kwanza, mpaka kifuani, na leso yake kiunoni, akiwa amemshika ami mkono. Ami akamwambia, "Usipigane nayo mama, yaache yakubebe," na baada ya muda akaelea. Nilifurahi wallahi.

Lakini ami hakuondoa jicho kwenye ukingo wa nje. Alituonyesha jiwe moja lenye mwani, akasema maji yakilifunika hilo sote twende zetu, hata kama tunaona bado kuna nafasi, kwa sababu maji yakirudi hujaza kwanza ile mifereji ya nyuma yako, wewe unaangalia mbele unadhani bado, ukigeuka njia ya kurudi imekuwa mto. Haikuchukua muda mrefu lile jiwe likafunikwa. Tukaondoka. Tuliwaita na vijana wawili waliokuwa wanapiga picha huko mbele, mmoja alibisha kidogo halafu akaja, na walivuka maji yakiwa mapajani.

Tulikula kwa ami, wali wa nazi na changu wa kupaka. Shelly pia tuliingia jioni, ni karibu na feri, unaenda kwa tuktuk ama hata miguu. Ina mawe na mwani mwingi, ukienda maji yakiwa yamejaa inaogeleka, yakikupwa ni ya watoto kuokota kombe.

Jumatano

Sikuenda mbali. Tulifua nguo za chumvi, alasiri tukapanda gari ya Mtwapa tukashuka Shanzu kuona njia tu. Ipo, inapitia kando ya mahoteli, lakini uliza bodaboda wa hapo. Upepo ulikuwa mkali tukarudi.

Alhamisi: Diani na Msikiti wa Kongo

Feri tena, gari ya Ukunda tena, safari hii mpaka mwisho. Kutoka stendi ya Ukunda kuna matatu ndogo na tuktuk zinateremka barabara ya bichi, ukifika kwenye ile njia panda kubwa amua kushoto ama kulia, kulia ni mahoteli na maduka mpaka Galu, kushoto ni upande wa Kongo. Sisi tukaenda kushoto kwanza, na nawashauri hivyo.

Msikiti wa Kongo uko pale mto Mwachema unapoingia baharini, umejengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, umezungukwa na mibuyu, na bado unaswaliwa. Si gofu. Mhudumu aliyekuwa akifagia uwanja alitukaribisha tukakaa kivulini, alimuuliza binamu anatoka wapi, akamwambia watu wa Voi wakija hapa hawataki kuondoka. Maji yakikupwa mto unavukika kwa miguu mpaka upande wa Tiwi, tuliona kina mama wamebeba kuni wakivuka sketi mkononi. Vaa heshima ukienda, hapo si mahali pa kutembea na nguo ya kuogelea.

Halafu bichi yenyewe. Mchanga wa Diani ni mweupe na laini kama unga wa ngano, hilo watu hawakudanganya, na hauchomi miguu hata jua la saa nane. Njia za kuingilia zipo kadhaa kati ya mahoteli, nyingine zina kibao na nyingine hazina, na hapa Kwale nimeona wamejitahidi kuliko sisi Mombasa, lazima nikiri, kwa sababu njia tuliyopita ilikuwa pana, safi na kina mama wana vibanda vyao vya samaki na viazi karai mwanzoni. Tulikula hapo kwa bei ya kawaida.

Vijana wa bichi watakuja, mashua, ngamia, vinyago, shanga. Ongea nao vizuri, wengi ni watoto wa Ukunda na Mwabungo wanatafuta riziki, ukiwaambia kwa Kiswahili kizuri "leo sina, ndugu yangu, tumekuja kupunga upepo" wanakuacha na wanakuelekeza na njia. Mmoja alitukalisha akatuonyesha mawingu kusini akatuambia tutakuwa na mvua saa kumi, ikanyesha kweli.

Tukirudi barabarani tuliwaona mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanavuka barabara kwa kamba zilizofungwa juu toka mti hadi mti. Zile kamba wamewekewa na watu wa uhifadhi ili wasigongwe na magari, na wanazitumia sawasawa, mama alikuwa na mtoto mweupe pepepe amemng'ang'ania tumboni. Watoto wa mbega huzaliwa weupe halafu hubadilika. Binamu alisema hiyo peke yake imelipa nauli.

Feri ya jioni ilikuwa imefurika. Ukienda Diani, ondoka Ukunda kurudi saa tisa, ikizidi sana saa tisa na nusu, la sivyo utakutana na watu wa kazini pale mteremkoni.

Ijumaa: Jumba la Mtwana

Baada ya swala tukapanda gari ya Mtwapa. Ukivuka daraja la Mtwapa umeshaingia kaunti ya Kilifi. Unashuka kwenye njia ya Jumba unachukua tuktuk mpaka getini, kiingilio kipo kidogo cha Makumbusho ya Taifa, mwananchi halipi sawa na mgeni, beba kitambulisho.

Ndani ni magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, nyumba za mawe, visima, misikiti, na msikiti mmoja uko ukingoni kabisa mwa bahari. Nimesimama kwenye ile birika ya kutilia udhu nikafikiria hawa watu walitoka msikitini wakaenda moja kwa moja kwenye mashua zao, hakuna aliyewawekea geti. Chini yake kuna pwani ndogo tulivu yenye kivuli, na tulikuwa peke yetu na kundi la wanafunzi. Watu wa Mombasa tunapita Mtwapa kila wikendi kwenda kula nyama na hatukati kona hii, na hapa ndipo historia yetu ilipo, si Fort Jesus peke yake. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, Jumba lilikuwa limeshahamwa zaidi ya miaka mia na hamsini.

Jumamosi: Kuruwitu

Gari za Kilifi ziko Buxton na Mwembe Tayari, sisi tulizidakia njiani. Baada ya Kikambala inaanza mikonge kushoto kulia, unashuka Vipingo, boda mpaka baharini.

Hapa nataka kukaa kidogo. Kuruwitu ni kijiji cha wavuvi na miaka ya mwanzo ya 2000 waliona samaki wamekwisha, nyavu zinarudi na mwani. Wenyewe, si serikali, wakakubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, kama hekta 30, hakuna kuvua kabisa. Fikiria mvuvi ambaye chakula cha leo kinatoka mle ndani anakubali kuacha. Kuna waliogombana kwa ajili yake, mzee mmoja wa pale alituambia ndugu walinuniana. Samaki walirudi, na 2017 walipewa tuzo ya Equator Prize ya Umoja wa Mataifa. Unalipa ada ndogo ya jamii unapewa mtu wa kukuongoza na miwani ya maji, maji yalikuwa yamekupwa mnamo saa nane, tukazama.

Nimeogelea Bamburi tangu utotoni na sijaona kitu kama kile. Pono, tafi wengi wengi, samaki wa rangi za kila aina wanakuja mpaka kwenye kioo cha miwani, matumbawe mazima hayajavunjwa na miguu ya watu. Yule kijana aliyetuongoza babake ni katika wale waliokubali kuacha kuvua mle, na yeye leo anakula kwa kuwaonyesha watu samaki. Alitukataza kukanyaga matumbawe na kukatazwa vile kulinifurahisha, kwa sababu alikuwa anaongea kama mtu anayelinda shamba la nyumbani kwao. Nendeni. Kuliko kulipa kiingilio cha mahali pa anasa, pelekeni ile pesa Kuruwitu.

Jumapili: Pirates

Jomo Kenyatta Public Beach, lakini ukimwambia makanga jina hilo atakuangalia, sema Pirates. Gari yoyote ya Bamburi ama Mtwapa inapita, unashuka unatembea dakika chache umefika, na ile njia ni pana, wazi, ya kila mtu. Bamvua imeisha, sasa ni maji mafu, yalijaa asubuhi na hata mchana hayakukupwa sana, kwa hivyo watu walioga kutwa.

Wanaoidharau Pirates kwa sababu ina watu wengi mimi siwaelewi. Kuna watoto kwenye mipira ya gari ya kukodi, kina mama wameingia na madera na buibui zao maji mpaka shingoni wanacheka, ngamia, mabuyu, achari, kaimati, wazee wamekaa chini ya mvinje, boti za vioo za kwenda kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1986. Kila kabila la Kenya liko pale. Wana kila haki ya kuwa wengi, wamebanwa pale kwa sababu kwingine kote njia imezibwa ama haijulikani. Ninachoomba kaunti ni vibao, kibao kimoja tu kwenye kila kichochoro kuanzia Nyali mpaka Shanzu, kilichoandikwa baharini na mshale, na waokoaji zaidi pale Pirates siku za Idi na Disemba. Na vyoo vya wanawake na mahali pa kubadilishia nguo pasafishwe, dada zetu wanapanda matatu na nguo mbichi mpaka Changamwe.

Tuliondoka saa tisa na nusu kabla stegi haijajaa. Hapo stegini kulikuwa na familia kutoka Kitale, baba, mama na watoto watatu, wamekuja kwa wiki mbili, mama akaniuliza kama kuna mahali pengine pa kuogea pasipolipishwa mlangoni. Nikawatajia kichochoro cha Nyali, nikawatajia Diani upande wa Kongo, na Tiwi nikawaandikia kwenye simu yao: feri, gari ya Ukunda, shukeni stegi ya Tiwi, boda, na waende Jumapili ijayo wafike saa tatu asubuhi manake mwezi utakuwa karibu kuandama na maji yatakupwa mnamo saa nne, na yakianza kurudi watoke.